Eafraya na mapishi ya Kinaijeria: nini kiingie humo, nini kibaki kwenye sufuria

Naulizwa sana kuhusu eafraya, ile mashine ya kukaangia kwa hewa ya moto, hasa na nyie wenzangu mlioolewa huku Nigeria, au mko London ama Houston na bwana ni Mnaijeria anataka dodo, zile ndizi mbivu za kukaanga, kila jioni, na swali ni lile lile, hii mashine inaweza vyakula vyao kweli au ni ya chipsi tu. Inaweza, tena vizuri sana, ila uitumie kwa hatua ya pili ya mapishi, sio ya kwanza. Ukishika hilo tu mengine yote yanakuja yenyewe.

Maana ukiingia jiko la Lagos jambo la kwanza utaloona ni kwamba nyama haikaangwi mbichi. Kuku, mbuzi, firigisi, bata mzinga, vyote vinachemshwa kwanza na kitunguu, thaimu, kari pauda, pilipili na vidonge vya Maggi au Knorr mpaka viive, alafu ndo vinaenda kwenye mafuta. Na ile supu inayobaki haimwagwi, ndo inapikiwa jollof, ule wali wao wa nyanya na pilipili, ndo inaingia kwenye mchuzi. Sasa mtu anatoa eafraya kwenye boksi, anafungua kijitabu chake, kuku mbichi dakika 25, haya anatumbukiza. Kuku anatoka mzuri tu, ngozi imekauka, sikatai, lakini supu iko wapi? Jollof utapikia nini, maji ya bomba? Mama mkwe akionja ule wali hatosema kitu, atasogeza sahani kidogo tu na wewe utajua.

Kwa iyo chemsha kama wao wanavyochemsha. Kuku wa kisasa dakika 15 hivi zinamtosha, ila wale kuku wakubwa waliochoka kutaga, ambao huku wanapendwa sana kwa sababu nyama yao haivunjiki kwenye mchuzi, hao wape dakika 45 au zaidi. Toa vipande, viache vipoe kidogo na vikauke, hapa usiwe na haraka, futa na tishu kabisa kwa sababu ngozi yenye maji haiwezi kukauka, kwanza itajichemsha humo ndani. Paka mafuta kidogo kwa brashi, nyuzi 200, dakika 10 mpaka 12, geuza katikati. Basi. Ndani alishaiva, kazi ya mashine ni kumpa rangi na ukavu wa nje. Wale wenye mashine za Marekani zinazosoma Farenhaiti, 200 ni kama 400 kwenu.

Kuna kitu kimoja utakipoteza na ni bora nikwambie mapema. Nyumba nyingi huku, mafuta yaliyokaangia nyama ndo hayo hayo yanayopikia mchuzi, ndo maana mchuzi wao una ile ladha nzito. Kwenye eafraya hayo mafuta hamna. Mi nachofanya, nikitoa kuku, yale matone yaliyochuruzika chini ya kikapu siyaoshi, namwagia kwenye sufuria ya mchuzi yote. Ni kidogo lakini yana kila kitu ndani yake.

Mashine yenyewe, tangu Philips walipoitoa mwaka 2010, ni oveni ndogo tu, koili iko juu na feni inazungusha hewa ya moto kwa kasi kwenye nafasi finyu. Hewa ikipita inakausha nje ya chakula. Ukielewa hivyo hutohitaji hata mapishi ya mtu, jiulize tu hiki kitu ninachotaka kuweka kina umbo lake tayari au ni uji? Kikiwa na umbo, kiingie. Kikiwa uji, kibaki nje.

Na hapa ndo naongelea akara. Akara ni bagia za kunde zetu kabisa, kunde zinalowekwa, zinamenywa maganda, zinasagwa na kitunguu na pilipili, zinapigwa mpaka ziwe na hewa, alafu zinadondoshwa kwenye mafuta ya moto. Jumamosi asubuhi nyumba za Wayoruba wengi ni akara na ogi, ule uji laini wa mahindi, au akara ndani ya mkate. Mtandaoni kuna video kibao za akara ya eafraya, wanamimina kwenye vikombe vya silikoni, inaiva ndio, ila kinachotoka ni moi moi, zile kunde za kusaga zinazopikwa kwa mvuke, iliyokauka juu. Akara inafura kwa sababu mafuta yanaizunguka pande zote kwa mara moja, hewa haiwezi kazi hiyo. Puff-puff nayo vile vile, ni kama kalimati bila shira, donge lake ni laini linavutika, ukiliweka kwenye kikapu litapenya kwenye matundu na utakaa unachokonoa na kijiti. Hivi viwili kaanga kwenye mafuta, kula kidogo, furahi. Na moi moi ni ya mvuke, usiisumbue.

Haya, dodo. Hapa ndo penye ugomvi wa nyumbani maana dodo ni ndizi mzuzu mbivu za kukaanga na kila mtu ana msimamo. Chagua ndizi ya njano yenye madoa meusi lakini bado ngumu kidogo ukiibonyeza. Kata kimshazari, unene wa kidole, nyunyiza chumvi kiduchu, alafu tia mafuta, usiniambie unataka bila mafuta kabisa kwa sababu ndizi bila mafuta inakuwa kama ngozi ya kiatu, kijiko kimoja kikubwa kwa ndizi mbili kinatosha, changanya na mkono kila kipande kipate. Panga safu moja, visilaliane. Nyuzi 190, dakika 7, geuza, dakika 5 nyingine, na zile za mwisho usiende kuangalia TV kwa sababu sukari ya ndizi ikianza kuungua haikusubiri. Ndizi iliyoiva mpaka imekuwa nyeusi, shusha 180. Itatoka tamu na laini, ila ule mng'ao wa mafuta hautoupata. Mama mkwe wangu alionja akasema hii ni boli iliyopotea njia, na kusema kweli hajakosea sana.

Maana boli yenyewe ndo mashine inaiweza kuliko dodo! Boli ni ndizi inachomwa nzima kwenye mkaa barabarani, Lagos wanaila na karanga, ukienda Port Harcourt wanaiita bole na inakuja na samaki wa kuchoma na mchuzi wa mawese na pilipili. Menya ndizi ambayo haijaiva sana, paka mafuta kidogo sana, nyuzi 180 dakika 20 mpaka 25, geuza geuza. Moshi wa mkaa hamna, lakini ndani inakuwa laini na nje ina ganda, karanga zako pembeni, umemaliza.

Viazi vikuu pia vinafaa, ila vichemshe nusu kwanza na chumvi. Vikiingia vibichi nje inakuwa ngumu kama ubao na ndani unga unga. Chemsha mpaka uma unaingia kwa shida kidogo, mwaga maji, viache vikauke, mafuta, 200, dakika 15. Huku wanaviita dundun na vinaliwa na mchuzi wa mayai au wa pilipili.

Sasa pilipili. Hii watu wengi hawaijui na mi naona ndo faida kubwa kuliko hata kuku. Mchuzi wa Kinaijeria unaanza na tatashe, ambazo ni pilipili hoho nyekundu ndefu ndefu, nyanya, kitunguu na rodo, pilipili mbuzi zetu. Kawaida unasaga mbichi alafu unachemsha muda mrefu mpaka maji yakauke na ule uchachu utoke, na gesi ilivyo bei siku hizi, duh. Badala yake zikate vipande vikubwa, paka mafuta kidogo, eafraya 200 dakika 15 mpaka 20, zikianza kuwa nyeusi pembeni toa usage. Maji mengi yashaondoka, uchachu umepungua, na una kale kaladha ka moshi ambako wanakapenda kwenye jollof ya sherehe. Kwenye sufuria utakaanga muda mfupi tu. Ila NAOMBA usikilize, rodo iweke nzima, usiipasue, na fungua madirisha yote. Feni inapuliza ule ukali nje na nyumba nzima mtakohoa mpaka majirani wagonge, mwenye mtoto mwenye pumu asifanye hii kitu kabisa, achemshe rodo yake pembeni.

Gizdodo ukiijua hii mashine ni kama ilitengenezwa kwa ajili yake, firigisi zilizochemshwa zinaingia 200 dakika 8 hivi, dodo zinafuata, alafu zote unazitupa kwenye huo mchuzi mzito wa pilipili. Asun, nyama ya mbuzi yenye ngozi, mtindo ni ule ule, chemsha, kausha kwenye mashine, geuza kwenye kitunguu na rodo.

Suya ni mishkaki ya Wahausa, nyama nyembamba iliyopakwa yaji, na yaji ina kuli-kuli, yaani karanga zilizokamuliwa mafuta zikasagwa, pamoja na tangawizi, pilipili kavu na chumvi. Hizo karanga ndo zinaungua haraka kwa iyo 200 hapana, weka 180 dakika 8 mpaka 10, vijiti vilowekwe maji kabla, na mafuta ya karanga yapakwe juu katikati ya safari. Nyunyiza yaji nyingine ikishatoka, kitunguu kibichi na nyanya pembeni. Itakuwa nzuri. Haitokuwa ya mai suya wa usiku mwenye mkaa wake, na kama yuko karibu na kwako mimi ningetembea tu kwake.

Samaki titus, hawa ni jamii ya vibua vyetu wanauzwa wakiwa wa barafu, wana mafuta yao wenyewe kwa iyo usiongeze hata tone. Wakaushe sana, chumvi na pilipili, 200 dakika 12 mpaka 15. Karatasi ya matundu chini itakuokoa na kuosha, ila usiwashe mashine na karatasi tupu ndani, feni inaipeperusha inagusa koili inaungua.

Umeme lazima tuongee. Mashine nyingi zinakula wati 1400 mpaka 1800. Kale kajenereta kadogo kanakoitwa I better pass my neighbour hakawezi, utakasikia tu kanavyolia, na inveta ndogo nayo itazima, ile kubwa inaweza lakini betri zinaisha haraka, kwa hiyo pika wakati NEPA wameleta, ndo jina la zamani la shirika la umeme na watu bado wanaliita hivyo. Kwa walio Band A, yaani wateja wa daraja la juu walioahidiwa umeme saa nyingi zaidi kwa siku, bei ilipotangazwa Aprili 2024 ilikuwa naira 225 kwa yuniti moja, sasa fanya hesabu, wati 1500 kwa dakika 20 ni nusu yuniti, kama naira 112, linganisha na mafuta ya kujaza karai. Umeme ukiwa mdogo unaona taa zinafifia, koili haifiki joto na chakula kinakaukia tu bila rangi, ongeza muda au subiri. Na shangazi akikuletea mashine kutoka Marekani muulize volti kwanza, za kule ni 120, huku ni 230 na kitu, ukichomeka moja kwa moja umeiua. Plagi ya huku ni ya pini tatu za mraba kama Tanzania na Kenya, mwenye ya kwake aje nayo tu.

Ukubwa, familia ya watu wanne msichukue chini ya lita 6. Ndogo utapika kuku kwa awamu tatu na wa kwanza atakuwa kashapoa na mzee kashakasirika.

Alafu kuna vile vitafunwa vya kwenye owambe, sherehe zao hizi, unarudi usiku na kontena la puff-puff, samosa na meat pie, asubuhi vimelala kama sponji. Maikrowevu inavizidisha ulaini. Eafraya nyuzi 160, puff-puff na samosa dakika 3 au 4, meat pie dakika 6 kwa sababu ya ile nyama ya ndani, bila kuongeza mafuta, na ule kabla hazijapoa maana mara ya pili haziokoleki.