Kamongo, bondo na asili ya mapafu

SWALI: Ndugu Mhariri, nauza samaki hapa Mwaloni, Kirumba. Nikipasua kamongo nakuta mifuko miwili mirefu inayofanana na mapafu ya mbuzi. Mwanangu wa sekondari anasema kamongo ndiye babu wa wanyama wote wa nchi kavu. Je, ni kweli? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Ndugu msomaji, hayo ni mapafu hasa. Matamvua ya kamongo mkubwa wa Ziwa Victoria hayamtoshi, hivyo akizuiwa kupanda juu kuvuta hewa, hufa maji kama binadamu.

Mwanao amekaribia ukweli, ila kamongo ni binamu yetu, si babu. Yeye na wanyama wenye miguu minne wametokana na samaki wa kale aliyeishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Wataalamu walibishana kwa muda mrefu iwapo ndugu wa karibu zaidi ni yeye au ni silikanti, yule ambaye wavuvi wa Tanga humnasa mara mojamoja, hadi uchunguzi wa vinasaba, ukiwemo ule wa kamongo wa Australia uliochapishwa mwaka 2021, ulipompa kamongo nafasi hiyo. Kwa nasaba, basi, kamongo yuko karibu zaidi na wewe kuliko na sangara aliyelala naye mezani pako.

Wengi hudhani kwamba samaki walipata mapafu baada ya kutoka majini, kumbe mapafu yalitangulia. Ushahidi unaushika kila siku: ni bondo la sangara, yaani kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwake. Charles Darwin aliamini kuwa mapafu yalitokana na kiungo kama hicho, lakini leo wanasayansi wengi wanaona kinyume chake, kwamba bondo ni pafu la kale lililobadilishiwa kazi, likahamia juu, chini ya uti wa mgongo, ili kumsaidia samaki kuelea. Kwangu mimi, hakuna somo la baiolojia lililo wazi kuliko kuweka bondo na pafu la kamongo ubaoni, kimoja kando ya kingine.

Miguu nayo ilianzia majini. Tiktaalik, samaki wa miaka milioni 375 hivi ambaye mabaki yake yaligunduliwa Kanada mwaka 2004, alikuwa na mapezi yenye mifupa ya bega, kiwiko na kifundo. Mapezi ya kamongo ni membamba kama kamba. Hata hivyo, mwaka 2011 watafiti walieleza jinsi kamongo wa jamii nyingine ya Afrika anavyojisukuma sakafuni mwa tangi kwa mapezi ya nyuma, moja likifuata jingine, kama mtu anayetembea.