Kuwapimia macho wafanyakazi wa kompyuta: jibu kwa dada HR wa hoteli Malindi

Dada, swali lako kwa ufupi: bosi amekubali kulipia upimaji wa macho wa watu 18 wanaoshinda kwenye kompyuta hapo hotelini, yaani mapokezi, bukingi, uhasibu na stoo. Kuna duka la miwani limejitolea kuja kuwapima wote bure kwa siku moja. Je, ukubali, na sera iandikwe vipi?

Duka liambie ahsante, lakini hiyo isiwe ndiyo upimaji wenu. Mtu anayekuja na bango la herufi na sanduku la lenzi anaweza kukuambia nani haoni mbali. Presha ya jicho hapimi, nyuma ya jicho haangalii, na faida yake iko kwenye fremu. Presha ya macho mara nyingi haiumi wala haitoi dalili mapema, na uoni ukishapotea kwa sababu yake haurudi. Kwa hiyo aliyepita miaka 40, mwenye sukari, au ambaye mzazi wake alipofuka, bango la herufi halimtoshi. Tafuta kliniki yenye mashine ya kupima presha ya jicho na taa ya kumulika ndani. Uliza pia kama mpimaji yupo kila siku au huja kwa zamu. Hospitali na kliniki kadhaa za macho ziko Mombasa, kilomita kama 120, kwa hiyo watakaoambiwa waende kwa daktari bingwa watahitaji siku nzima na nauli. Andikeni mapema nani analipa.

Kuhusu sheria: kifungu cha 6 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwenye mahali pa kazi alinde usalama, afya na ustawi wa watu wake. Kifungu hicho hakitaji miwani, kwa hiyo mipaka mnaiweka nyinyi. Kielelezo kizuri ni kanuni za Uingereza za 1992 kuhusu kazi za skrini. Mfanyakazi anayetumia skrini kama sehemu kubwa ya kazi yake akiomba kupimwa, mwajiri hulipa. Miwani hulipiwa pale tu inapohitajika kwa ajili ya skrini yenyewe na miwani ya kawaida haifai. Mwongozo wao humhesabu anayekaa kwenye skrini saa moja au zaidi mfululizo karibu kila siku. Kwa kipimo hicho, mtu wa stoo anayeingiza risiti dakika kumi asubuhi hahesabiki, na ni bora kumwambia mapema kuliko kumwahidi.

Sasa jambo linalopoteza pesa nyingi kuliko yote, na ambalo HR wengi hawaliulizi: umbali. Mpimaji asipoambiwa kitu, atapima macho kwa mbali na kwa kusoma, na kusoma kwake ni karibu sentimita 40. Skrini haikai hapo. Chukua tepu ya fundi cherehani, mwache mtu akae anavyokaa siku zote (usimwambie anyooke), kisha pima kutoka pembeni mwa jicho hadi katikati ya skrini. Mhasibu mwenye laptopu na leja pembeni utamkuta kwenye sentimita 45 au 50. Wa bukingi mwenye skrini kubwa, 65. Wa mapokezi husimama, na skrini imezamishwa chini ya kaunta ili mgeni asiione. Huyo anaweza kufika 85.

Hesabu yake ni rahisi: gawanya 100 kwa sentimita. Kwa 40 unapata 2.50, kwa 65 unapata 1.50 na kidogo, kwa 85 unapata kama 1.20. Hiyo ndiyo nguvu ambayo jicho linahitaji kuongezewa, juu ya namba ya mbali, likiwa halina tena uwezo wake wa kujirekebisha. Wa miaka 45 bado ana akiba, hivyo ataandikiwa pungufu, na kazi ya kuamua ni ya mpimaji. Lakini unaona tatizo: mtu mzima wa mapokezi akipewa miwani ya kusomea ya +2.50, skrini inakuwa ukungu, anainama mbele, na wiki mbili baadaye analalamika mgongo. Miwani yenyewe inaishia kwenye droo. Mwenye miwani ya sehemu mbili (juu ya kuona mbali, chini ya kusomea) hufanya kinyume: anainua kidevu ili aone kwa sehemu ya chini, na shingo ndiyo inayolipa. Huyo mteremshie skrini kwanza kabla hujamnunulia chochote. Kama hilo halitoshi, lenzi yenye nguvu moja kote, iliyopimwa kwa umbali wa skrini, hugharimu kidogo na huzoeleka haraka. Lenzi za ofisi zenye mpito (nguvu hubadilika taratibu kutoka juu hadi chini) ni nzuri kwa anayeangalia skrini na karatasi kwa zamu, ila zinahitaji kupimwa kwa makini fremu ikiwa usoni.

Lenzi za kuzuia mwanga wa bluu msilipie kama tiba ya macho kuchoka. Mapitio ya 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliona kwamba huenda hazipunguzi uchovu wa macho zikilinganishwa na lenzi za kawaida, angalau kwa muda mfupi. Duka litakusukumia hizo, kwa sababu zina bei.

Barua ya kumpeleka mtu kliniki iwe ya nusu ukurasa: jina, kazi, umbali wa skrini na wa karatasi kwa sentimita, saa anazokaa, amesimama au ameketi, na miwani aliyonayo (aibebe). Mwambie mwenye lenzi za kuvaa jichoni aulize kliniki azivue muda gani kabla. Kutoka kliniki, hotelini irudi karatasi yenye mambo matatu tu: anahitaji miwani ya skrini au la, kwa umbali gani, na arudi lini. Ugonjwa usiandikwe hapo wala kwenye ankara. Taarifa za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na katika hoteli ndogo habari ya "fulani ana presha ya macho" hufika jikoni kabla ya chai ya saa nne. Karatasi kamili ya vipimo, pamoja na umbali kati ya mboni, ni ya mfanyakazi mwenyewe, hata asiponunua kwao. Sharti hilo liandikwe kwenye makubaliano, maana baadhi ya maduka huficha kipimo cha mboni ili mteja asiende kwingine.

Bei muombe kwa mistari mitatu: kupima, lenzi, fremu. Hotel ilipe kupima kwa kila anayehesabika, na lenzi na fremu hadi kiwango mlichopanga. Anayetaka fremu ya fahari aongeze mwenyewe pale pale dukani, msimkate kwenye mshahara baadaye. Makato yanayoruhusiwa yametajwa kwenye kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Ankara iwe ya eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA), la sivyo mhasibu wenu ataikataa, kwani tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo KRA hawaikubali kupunguza kodi. Kama kuna bima ya matibabu, soma kwanza kipengele cha macho: mara nyingi fremu hulipiwa kwa vipindi, na watu wengine huwa wameshaitumia.

Ratiba: wawili kwa siku, asubuhi, ili kaunta isibaki tupu. Ijumaa epuka kuanzia saa tano. Msiweke Desemba wala Pasaka wageni wakijaa. Ramadhani wapo wasiopenda kutiwa dawa ya matone wakiwa na saumu, basi wapangwe kabla ya mwezi au baada. Matone ya kupanua mboni huacha ukungu kwa saa kadhaa na jua la pwani huchoma. Mtu huyo arudi nyumbani kwa tuktuk, asiendeshe pikipiki wala kurudi kwenye hesabu.

Kabla hujampeleka mtu wa kwanza, zunguka ofisi saa mbili asubuhi. Jua letu linatoka baharini, na skrini inayotazama dirisha la mashariki haisomeki mpaka saa nne. Igeuze iwe ubavuni mwa dirisha. Kiyoyozi kinachopuliza usoni kigeuze pia, kwa sababu anayekodolea skrini hupepesa macho mara chache na jicho hukauka. Malalamiko kadhaa yatakwisha hapo hapo, na hutayapeleka kliniki kwa pesa ya bosi.