Muulize Meku: Hiyo hela ya koti, ongezea siku

*Shikamoo Meku. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 47, naishi Sakina, Arusha, na ni mhasibu wa saccos. Ofisini tumepanga kupanda Kilimanjaro ili tuwe kileleni tarehe 9 Desemba. Kampuni tuliyoongea nayo imetupa bei ya siku tano, njia ya Marangu. Nimeshaanza kujibana ninunue koti zito la baridi nililoliona dukani. Shida ni kwamba mazoezi yangu ni kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala, na natumia dawa ya presha. Baba watoto anasema mlima ni wa wazungu na vijana. Niende, au niwaambie wenzangu watangulie?*
*Mama Watatu, Sakina*

Marahaba, mama. Daktari wako akikubali, nenda. Ila si kwa siku tano, na lile koti liache hukohuko dukani.

Marangu ya siku tano iko hivi. Siku ya kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Ya pili Horombo, 3,720. Ya tatu Kibo, 4,720, na hapo hulali kitu cha maana, maana usiku huohuo mnaamshwa, mnakunywa chai, na kufika saa sita mko njiani. Zimebaki mita nyingine 1,175 hadi kilele cha Uhuru. Mtu aliyezoea hewa ya Sakina, mita 1,400 hivi, anatakiwa ndani ya siku hizo chache afike 5,895, ambako kila pumzi inampa kama nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata akiwa Tanga ufukweni. Mapafu hayajali umejiandaa vipi moyoni. Yanataka muda.

Mkiongeza siku ya sita, mnaipitisha Horombo kabla ya kwenda Kibo. Asubuhi mnapanda taratibu hadi Mawe ya Pundamilia, ule mwamba wenye michirizi myeusi na myeupe, karibu mita 4,000, mnakaa kidogo, mnarudi kulala palepale. Ukiiangalia kwenye ratiba utadhani ni siku ya kupoteza hela. Mimi ndiyo siku ninayoithamini kuliko zote katika njia ile. Kampuni zinatanguliza bei ya siku tano kwa sababu wateja wa hapa nyumbani tunauliza bei kabla ya kuuliza njia. Rudini mkaulize ya siku sita, na mbebe vitambulisho vya taifa, kwa sababu kiingilio cha hifadhi kwa raia ni cha shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni. Nimeshusha watu wengi kutoka Kibo, na wengi wao walivaa vizuri kuliko mimi.

Koti la kileleni utalivaa usiku mmoja na asubuhi yake. Moshi na Arusha kuna maduka yanakodisha makoti, mabegi ya kulalia, fimbo za kutembelea na taa za kichwani. Vaa koti hapohapo dukani, funga zipu mpaka kidevuni, fungua, rudia. Zipu mbovu ni bora uigundue mjini. Suruali za jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani, zikilowa jasho hazikauki na zinakugandisha.

Viatu ndivyo vya kununua, na uvinunue sasa hivi ili uvivae miezi yote hii. Mitumba ya Memorial pale Moshi ina viatu vya mlima vizuri tu, ila usidanganywe na ngozi inayong'aa. Kunja kiatu, uangalie pale soli inapokutana na ngozi. Kisha bonyeza soli kwa kidole gumba kwa nguvu: ikitoa unga au ikipasuka vipande, kirudishe, hata kama kinaonekana hakijawahi kuvaliwa. Soli hizo huoza zikiwa zimekaa tu, halafu zinabanduka zote mbili siku moja. Vaa na soksi nene, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, na kidole chako cha mkono kipenye nyuma ya kisigino. Nafasi hiyo utaihitaji wakati wa kushuka. Asiyekuwa nayo hurudi na kucha nyeusi.

Kushuka ndiko watu hawakufanyii mazoezi. Siku ya kileleni, ukishapiga picha, unateremka mita 2,175 mpaka Horombo, na magoti yako yana usingizi kama wewe. Kwa hiyo mama, kwa mtu wa Sakina gym haina kazi. Jumanne na Alhamisi ukitoka kazini pandisha kuelekea Ilboru kwa saa moja, mwendo wa kuweza kuongea bila kuhema. Jumamosi nenda mbali zaidi, mwanzoni kwa saa mbili, baadaye mpaka tano. Beba begi lenye chupa mbili za maji za lita moja, uongeze moja kila baada ya wiki kadhaa. Wengi wanabeba maji kupanda, wakifika juu wanayamwaga ili washuke wepesi. Wewe shuka nayo. Goti likilalamika, punguza chupa. Kuanzia mwezi wa tatu wa mazoezi, Jumapili baada ya ibada toka tena, hata kama miguu bado inauma ya jana, maana mlimani hakuna siku ya kupumzisha nyama.

Oktoba mjaribu kitu kikubwa. Kwa bei nafuu, mpande kutoka geti la Marangu hadi Mandara na kurudi siku hiyohiyo. Mkiwa na uwezo, pandeni Meru, huo mnaouona kila asubuhi mkifungua dirisha. Ni mita 4,566, mnalala Miriakamba na Saddle, na mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Usiku wake wa kileleni una miamba na miporomoko ambayo Marangu haina. Aliyemaliza Meru bila kuumwa anajua mwili wake unavyofanya juu, na hilo hakuna mtu wa kukuuzia.

Presha. Wiki hii nenda kliniki unakochukulia dawa, umwambie daktari wazi kwamba unataka kufika karibu mita 6,000, na umwekee pakiti za vidonge mezani. Presha iliyotulia kwa dawa si lazima ikuzuie. Isiyotulia, utaahirisha, tarehe 9 Desemba ipo kila mwaka. Muulize pia kuhusu Diamox, vidonge vinavyousaidia mwili kuzoea mwinuko. Vinakojoza, na kama dawa yako ya presha nayo ni ya kukojoza, ni yeye wa kusema kama zinapatana. Uliwahi kuvimba au kutoka vipele kwa Septrin au Fansidar? Mtajie kabla hajashika kalamu. Vidonge vilivyobaki kwa jirani aliyepanda mwaka jana usivipokee.

Na ukiwa juu usimfiche kiongozi wako kitu. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichwa kisichosikia panadol, kutapika, kuyumba kama mlevi, kukohoa na kuhema umekaa, hapo unashushwa, hata kama ni saa nane usiku na wenzako wanaendelea kupanda. Kuna akina mama wanaficha kwa kuogopa kuonekana dhaifu mbele ya wafanyakazi wenzao. Ukifika Gilman's, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, tayari una cheti chako. Kutoka pale hadi Uhuru amua na mwili, usiamue na kikundi cha WhatsApp.

Madogo ya wanawake, ambayo binti yangu anayepanda na wageni ameniambia niandike: suka twende kilioni, usisuke rasta nene, kofia haitaingia na masikio yataganda. Beba kanga, itakusitiri porini. Pedi beba hata kama si tarehe zako, mwinuko huvuruga mahesabu. Chupa ya maji usiku wa kileleni iweke kichwa chini, maji huganda kuanzia juu na mdomo utabaki wazi.

Baba watoto mwambie hivi. Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, waliomwonyesha njia na kumbebea mizigo walikuwa watu wa huku kwetu. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 aliyesimamisha bendera na Mwenge juu pale alikuwa Alexander Nyirenda, luteni wetu. Na leo wapo akina mama wanaopandisha mzigo wa kilo 20 ili wengine wapande mikono mitupu. Asiporidhika, mchukue Jumamosi moja mwende Ilboru na chupa zako, ubebe wewe.

*Meku, nina miaka 24, nimemaliza nusu marathoni hapa Moshi kwa muda mzuri. Naweza kupanda Machame kwa siku tano badala ya saba?*
*Mkimbiaji, Soweto*

Hapana. Pumzi ya mbio haizuii ugonjwa wa mwinuko, na vijana wenye miguu kama yako ndio wanaofika kambini mapema wakiwa na kichwa kinachopasuka. Chukua saba. Machame ni nzuri kwa sababu mnapita Lava Tower, mita 4,600, kisha mnashuka kulala Barranco, chini ya 4,000. Usikubali mkatishwe njia bila kupita Lava Tower. Mwambie kiongozi akuweke nyuma ya mtu wa umri wa mama yako, na usimpite.