Mbona hukuniambia, dada?

Swali lenu la wiki hii, "Je, manukato yapigwe marufuku ndani ya ndege?", nilipoliona jibu lilikuwa tayari mdomoni: ndiyo, yote, pafyumu, bodi sprei, losheni za mikono zinazonukia, vyote vikae kwenye begi mpaka tushuke. Mwanangu ana pumu, sina cha kujadili. Lakini nimeanza kuandika mara tatu na mara zote tatu narudi kwenye safari moja, kwa hiyo wacha niisimulie kwanza.

Ilikuwa ndege ya usiku, masaa 8 angani. Mtoto alikuwa na miaka 9, yeye dirishani, mimi katikati, na upande wa njia alikaa kaka mmoja mpole tu, alitusalimia vizuri akalala kabla hata hatujaruka. Begi lenye inhela nilikuwa nimeliweka juu, kosa langu hilo, nilitaka nafasi ya miguu. Baada ya chakula yule kaka akaamka, akatoa kichupa cha bodi sprei mfukoni, akapuliza kwapa hili na lile, alafu shingoni, ule ukungu ukaja wote upande wetu. Mtoto akaanza na kile kikohozi kidogo kikavu, mama yeyote wa mtoto mwenye pumu anakijua, unakisikia hata ukiwa usingizini, na hapo hapo ndege ikaanza kutikisika na taa ya mikanda ikawaka. Nikasimama, mhudumu akaniambia kwa mbali mama naomba ukae, nikakaa, mtoto kifua kinapiga filimbi, nikasimama tena. Nani kanisaidia? Yule yule kaka. Aliniuliza "Dada, begi lipi?" akanyoosha mkono akalishusha kabla sijamaliza kulielezea, na harufu ile ile ikitoka kwapani kwake ikatupitia usoni. Mtoto akavuta dawa, tukasubiri, akavuta tena, pumzi ikaanza kurudi.

Sasa sikilizeni. Kaka akaniuliza kwa upole kabisa, "Huwa inaletwa na nini?" Na mimi nikamjibu, "Ah, hewa kavu tu ya ndege."

Sijui kwa nini nilisema vile. Yaani najua, niliona aibu, mtu ametoka kunisaidia nitamwambiaje kwamba ni wewe. Na wala sikudanganya moja kwa moja, hewa ya ndege ni kavu kweli, unyevu mara nyingi unashuka chini ya asilimia 20, na hewa yenyewe ni nyepesi kama uko mlimani, inaruhusiwa kufika ile ya kimo cha kama mita 2,400. Lakini hilo halikuwa jibu la swali lake.

Kama saa moja baadaye akapuliza tena.

Safari hii mhudumu alikuja mbio kutoka nyuma, anauliza nani kapuliza nini. Nilidhani amekuja kwa ajili ya mtoto, kumbe hata habari za mtoto hakuwa nazo. Alisema wao harufu yoyote wasiyoijua lazima waifuatilie, maana waya ukiungua au mafuta ya injini yakivuja kwenye njia ya hewa, pua ndo inaanza kujua kabla ya kitu kingine, na sprei inawachanganya. Kaka akaomba radhi. Akasema ameunganisha ndege tatu, hajaoga siku mbili, alikuwa anaogopa kunuka karibu na mtoto. Ndipo nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, akaniangalia, akasema, "Mbona hukuniambia, dada?" Mpaka leo sina jibu.

Baada ya hapo nilisoma sana kuhusu hewa ya ndege. Kwenye ndege nyingi karibu nusu ya hewa inatoka nje na nusu inazungushwa kupitia filta za HEPA, zinazokamata asilimia 99.97 ya chembe ndogo sana, na hewa yote inabadilishwa kila dakika 2 au 3 hivi. Nilifurahi, alafu nikaelewa kwamba filta hizo ni za vumbi na vijidudu, pafyumu ikishakuwa mvuke inapita tu, labda ndege iwe na filta za kaboni. Tena mwenye kujipaka pua yake inazoea haraka, haisikii, ndo maana anaongeza. Kaka yule hakuwa mkorofi, pua yake ilikuwa imeshazima.

Na tukisema marufuku yote, tunaanza na nani? Ndege zenyewe zinanukia. Singapore Airlines kwa miaka mingi wamekuwa na harufu yao maalum hadi kwenye taulo za moto, na inapendwa. Kuna safari wahudumu wanapita na dawa ya wadudu juu ya vichwa vyetu kwa sababu nchi tunayokwenda inataka. Maduka ya eapoti yanakupulizia pafyumu dakika chache kabla ya kupanda. Ile sheria ya mililita 100 ya 2006 ililetwa na hofu ya mabomu ya vimiminika, mapafu hayakuwemo kabisa. Nani atasimama mlangoni ananusa watu shingo?

Kwa hiyo naona jibu langu limegeuka, na halinifurahishi sana: hapana, msimkataze mtu alichojipaka kabla ya kupanda. Ila kupuliza ukiwa kwenye kiti kukatazwe, na kutangazwe, sentensi moja tu pale wanapotaja sigara. Na sigara nazo watu walisema haiwezekani, Marekani walianza 1988 na safari fupi za masaa 2 kushuka chini, kufikia 2000 ikawa safari zote. Wengine watasema basi apulizie chooni, hewa ya kule inatolewa nje moja kwa moja, ni kweli, lakini anayeingia baada yake anaweza kuwa mwanangu, na vigunduzi vya moshi vya mle vinaweza kulia kwa sprei. Sabuni na kitambaa chenye maji vinatosha kwapa.

Najua tangazo halizuii pafyumu ya mtu aliyejimwagia nusu chupa nyumbani, na huyo ndo harufu yake inadumu safari nzima. Kwa huyo sina sheria. Inhela sasa inakaa mfukoni mwa mwanangu, na tukishakaa tu anamgeukia jirani anamwambia mwenyewe, samahani, mimi nina pumu, mimi nikiwa bado natafuta maneno.