Minneapolis na St. Paul: mjini ni wapi?

SWALI: Habari zenu wahariri, mi na shemeji yangu tunabishana sana, yeye anasema Minneapolis, kule jimbo la Minnesota, Marekani, ndo jiji ila St. Paul jirani yake kitongoji tu kimepoa, mi nasema kote mjini. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, kwa kiasi kikubwa. Shemeji anaangalia maghorofa na kelele za usiku, na hapo kweli Minneapolis inaongoza, lakini mtaa unakuwa wa mjini pale unapoweza kutoka kwa mguu ukapata duka na usafiri bila gari, na St. Paul ina mitaa mingi ya hivyo kwa sababu miji yote miwili ilijengwa kufuata njia za tramu, zile zilizokufa mwaka 1954. Mpangilio wa barabara ukabaki, halafu 2014 treni ya Green Line ikaunganisha tena katikati ya miji hiyo miwili.

Sasa linganisha na Arlington, Texas, kati ya Dallas na Fort Worth. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 394,266 Arlington na 311,527 St. Paul, yani Arlington ni kubwa zaidi, ila watu wake wametapakaa kwenye eneo linalokaribia mara mbili ya lile la St. Paul, na bila gari utateseka kwelikweli. Hapo ndo pana sura ya kitongoji, idadi ya watu isikudanganye.

Ila shemeji ana hoja moja, katikati ya St. Paul jioni, ofisi zikifungwa, panapoa mapema mno.