Miguu ifike kabla ya mpira: kwa mnaoanza kucheza wavu

Karibu kila kijana anayekuja mazoezini mara ya kwanza huniuliza, "Kocha, mimi nacheza namba ngapi?" Namjibu kwamba atacheza zote sita. Katika mpira wa wavu namba ni mahali pa kusimama, na kila mtu anazipitia. Namba 1 ni kulia nyuma, kwa mpiga sevu, yaani anayeanzisha mpira. Mbele yake kwenye wavu ni 2, katikati ni 3, kushoto ni 4, kisha kushoto nyuma ni 5 na katikati nyuma ni 6. Mkinyang'anya sevu kutoka kwa wapinzani, wote mnazunguka kwa mwelekeo wa saa: wa 2 anashuka 1 kupiga, wa 1 anakwenda 6, wa 6 anakwenda 5, na kuendelea. Kinachobaki nawe mechi nzima ni kazi yako: seta (anayewapandishia wenzake mpira wa kushambulia), mchezaji wa kati, mshambuliaji wa pembeni, au libero (mlinzi wa nyuma tu). Ufundi ni kutoka kwenye namba uliyopangiwa hadi mahali pa kazi yako, na kufika mapema.

Kabla hujakimbia, jua unaruhusiwa kukimbia lini. Mkiwa mnapokea, hadi mpira wa sevu unapopigwa lazima mpangilio wenu uwe sawa. Mwamuzi anatazama nyayo. Wa 1 awe nyuma ya wa 2, wa 6 nyuma ya wa 3, wa 5 nyuma ya wa 4. Na kwa upande, 4, 3 na 2 wafuatane kutoka kushoto kwenda kulia, vivyo hivyo 5, 6 na 1. Si lazima mnyooke kwenye mistari, tofauti ya unyayo inatosha. Mimi nilijifunza hili kwa uchungu nikiwa kidato cha tatu. Nilikuwa namba 6, nikahisi sevu itakuja fupi, nikasogea mbele hatua mbili. Mwenzangu wa namba 3 alikuwa ameshuka kupokea, kwa hiyo nikawa mbele yake. Filimbi ikalia, mwamuzi akazungusha kidole cha shahada hewani, pointi ikaenda. Tangu siku ile, kabla ya kila sevu namtafuta kwa macho mtu wangu wa mbele na watu wangu wa pembeni. Inachukua sekunde moja.

Sasa seta, ambaye miguu yake ndiyo inayobeba timu. Mahali pake pa kazi ni karibu na wavu, kati ya 2 na 3, akitazama upande wa 4. Akiwa namba 1 mambo ni rahisi: anajificha nyuma ya wa 2, sevu ikipigwa anapenya. Akiwa 6 bado si mbali. Akiwa 5 ndipo shughuli ilipo, maana anatoka kushoto kabisa kwenda kulia, mita kama tano, na njiani wapo wanaopokea. Dawa yake ni kumsogeza karibu na wavu mapema, nyuma kidogo tu ya wa 4, ili akimbie sambamba na wavu bila kumkatiza mpokeaji macho. Na seta, nakuomba: kimbilia mahali pako kwanza, ndipo ugeuke kuutafuta mpira. Maseta wengi wapya wanakimbia huku wamekodolea macho pasi, wanafika wamechelewa na mwili umepinda, halafu wanamlaumu aliyepokea.

Mchezaji wa kati nampenda kuliko wote, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya miaka mingi na ndiyo inayochosha bila kuonekana. Mkiwa mnashambulia, pasi nzuri ikienda kwa seta, wewe unapaswa kuwa umeanza kuruka karibu na wakati seta anagusa mpira. Wengi husubiri kuona kama watapewa. Usisubiri. Hata usipopewa, kuruka kwako kumemfunga mzuiaji wao mmoja, na mwenzako wa pembeni atakuta nafasi.

Mkiwa mnazuia, unaanzia 3, viganja usawa wa mabega, macho kwa seta wao. Mpira ukienda pembeni una mita kama tatu za kusafiri. Kwenda kulia: mguu wa kulia unafungua, wa kushoto unavuka mbele yake kwa hatua ndefu, wa kulia unakuja kufunga na kusimamisha mwili, unaruka. Hatua tatu. Kosa nililoliona mara nyingi ni kuruka mwili ukiwa bado unateleza kando, ukamgonga mwenzako wa bloku au ukaacha uwazi katikati yenu, na smashi inapita papo hapo. Hatua ya tatu ni breki. Ukitua, geuka upande mpira ulikopita na urudi mbio hadi mstari wa mita tatu, ule uliochorwa mita tatu kutoka wavuni, maana wenzako wakiuokoa mpira unatakiwa uruke tena.

Mshambuliaji wa pembeni, ukishapokea toka nje ya mstari wa kando. Wanaoanza wanabaki ndani ya kiwanja, wakishambulia wanakuwa na upande mmoja tu wa kupiga. Ukianzia nje unauona wavu wote, bloku na seta. Kwa anayetumia mkono wa kulia hatua ni kushoto, kulia, kushoto. Ya kwanza taratibu, mbili za mwisho kwa kasi. Ukiwa safu ya nyuma (1, 6 au 5) na unataka kushambulia, rukia nyuma ya mstari wa mita tatu bila kuukanyaga. Kutua mbele yake hakuna shida.

Libero, yule wa jezi tofauti, kwa kawaida huingia badala ya mchezaji wa kati, huyo anaposhuka nyuma. Huyu sina mengi ya kumfundisha kuhusu kukimbia, nina moja kubwa la kumfundisha kuhusu kusimama, nalo linawahusu wote walio nyuma. Wapinzani wakishambulia kutoka namba 4 yao, wetu wa 1 analinda mstari wa kando, wa 5 anasubiri mpira wa mshazari, wa 6 anabaki ndani kabisa, na wa 4 ambaye hana wa kumzuia anashuka kuchukua mipira mifupi inayodondoshwa nyuma ya bloku. Wote mnasogea mpira ukiwa hewani kutoka kwa seta wao. Lakini mkono wa mpigaji unapougusa mpira, miguu yako iwe imetulia, uzito kwenye vidole, magoti yamekunjwa. Aliye nusu mita mbali na mahali sahihi lakini ametulia ataokoa mipira mingi kuliko aliye mahali sahihi huku bado anakimbia. Mwili unaokwenda kushoto haurudi kulia kwa wakati.

Mkiangalia mechi, tuseme ya Malkia Strikers wa Kenya waliocheza Olimpiki ya Paris 2024, msiufuate mpira. Chagua mchezaji mmoja wa kazi yako, umtazame seti nzima, hasa wakati hana mpira.

Na mkikutana jioni, tafuteni vizibo sita vya soda na kalamu. Andikeni kila kizibo jina la mchezaji, mchore kiwanja kwenye karatasi, mpitie mizunguko yote sita: hapa tunasimama tukipokea, pale tunakwenda sevu ikipigwa. Kisha kesho yake mfanye hivyohivyo kiwanjani kwa kutembea, bila mpira. Timu yangu ya sasa ilihitaji wiki mbili za hivyo kabla seta wetu hajaacha kuuliza, "Mimi niko wapi sasa?"