Kamera ya pili ipewe kazi yake kwanza

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: mtu anayepiga picha kwa mapenzi tu, bila kutafuta riziki kwayo, anahitaji kamera ngapi hasa? Jibu langu ni moja. Ya pili naikubali kwa sharti. Ya tatu sijawahi kumsikia mtu akiitetea mpaka mwisho bila kucheka mwenyewe katikati ya maelezo.

Sharti lenyewe ni kwamba kamera ya pili iwe na kazi ambayo ya kwanza haiwezi kuifanya. Sisemi kazi ambayo ingeifanya vizuri zaidi, maana kwa kipimo hicho hutamaliza kununua. Kila mwaka hutoka kamera inayofanya jambo fulani vizuri zaidi. Nasema haiwezi kabisa: haiingii majini, haiingii mfukoni, au haiwezi kuvaa lenzi mbili kwa wakati mmoja.

Desturi ya kubeba bodi mbili, yaani kamera zenyewe bila kuhesabu lenzi, ilikuwa na maana yake enzi za filamu. Ukishaweka mkanda wa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga, na 100 ni ya jua kali), umefungwa nao mpaka picha 36 ziishe. Jua likizama katikati ya mkanda, ama ufunge kamera ama ukubali picha zenye ukungu wa mtikisiko. Ndiyo maana wapiga picha wa habari walining'iniza kamera mbili shingoni, moja ina mkanda wa rangi na nyingine wa nyeusi na nyeupe, au moja ina filamu ya jua kali na nyingine ya gizani. Haukuwa ufahari hata kidogo. Leo ISO inabadilishwa picha hadi picha kwa kidole kimoja, na suala la rangi au nyeusi na nyeupe unaliamua baadaye ukiwa umekaa mbele ya kompyuta. Sababu imekufa, desturi imebaki.

Hapa wengi hupenda kumtaja Henri Cartier-Bresson, mpiga picha mashuhuri wa Ufaransa, kwamba sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa kamera ndogo ya Leica na lenzi ya milimita 50, isiyovuta vitu vya mbali. Ni kweli, lakini mfano huo haumsaidii mtu anayepiga ndege mitini. Aliyeshika milimita 50 atarudi na picha ya mti.

Turudi kwenye lenzi mbili kwa wakati mmoja. Mpiga picha wa harusi hubeba bodi moja yenye lenzi ya milimita 24–70 kwa vitu vya karibu na nyingine yenye 70–200 kwa vya mbali, kwa sababu bibi harusi haingii ukumbini mara mbili. Tena ana mteja aliyelipa, kwa hiyo kamera moja ikizima ghafla lazima nyingine iwe tayari. Sababu zote mbili ni za kazi ya kulipwa. Sisi wa kujifurahisha hakuna anayetudai chochote. Kama kuna tukio lisilorudi, mfano kupatwa kwa jua kikamilifu, ambako giza lake halifiki hata dakika 8 pale ulipo, azima au kodi bodi ya ziada kwa siku hiyo kisha uirudishe. Anayepiga michezo au wanyama kila wiki ana hoja ya kumiliki mbili, nami sitabishana naye. Wengine wote, lenzi moja ya zumu, yaani inayovuta karibu na mbali, kama ya milimita 18–135 huwatosha, na vumbi haliingii kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, kwa kubadilisha lenzi kila dakika.

Sababu ya mfukoni ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Kamera kubwa yenye lenzi yake huishia kabatini kwa sababu ya uzito, wala si uvivu. Ila tuhesabu kwa haki: simu nayo ni kamera. Mwenye simu na kamera moja tayari ana mbili, na ile ndogo anayoitamani itakuwa ya tatu. Je, ina kazi yake? Wakati mwingine ndiyo. Kamera ndogo yenye sensa ya APS-C, takriban milimita 23.5 kwa 15.6, hukusanya mwanga mwingi kuliko sensa ya simu, na ina kitufe halisi ambacho kidole hukipata bila kutazama. Kwa anayetembea mitaani jioni hiyo ni tofauti ya kweli. Kwa anayepiga chakula mezani na watoto uani mchana kweupe, sioni simu imepungukiwa na nini.

Hoja ya ubora ndiyo inayouza kamera nyingi, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye nukta 6000 kwa 4000. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata picha ya takriban sentimita 50 kwa 34, isiyo na dosari hata ukiisogelea kwa pua. Ni wangapi kati yetu wametundika ukutani picha ya ukubwa huo? Nyingi huishia kwenye kioo cha simu ya shangazi.

Badala ya kubishana, fungua picha zako. Kila faili la dijitali hubeba taarifa zake ndani: kamera iliyotumika, urefu wa lenzi, ISO, kasi ya shata (muda ambao kamera hufunguka kuingiza mwanga), saa. Programu kama Lightroom au digiKam inaweza kukupangia kwa taarifa hizo. Chukua picha za mwaka mzima, lakini zile tu ulizoziweka kwa sababu unazipenda, uone zimetoka wapi. Kamera isiyoonekana humo imeshajibu swali la mhariri yenyewe. Utaona na jambo jingine. Picha zilizoharibika ndani ya nyumba mara nyingi zina kasi ya 1/15 au 1/20 ya sekunde na tundu la f/5.6 (tundu ndilo hupitisha mwanga ndani ya lenzi, na namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ile lenzi ya zumu iliyokuja na kamera ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Hapo mtu husema kamera yake haiwezi giza, akaanza kutafuta bodi mpya. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 kuliko f/5.6. Kasi ya 1/15 inakuwa takriban 1/150 kwa ISO ileile, na mtoto anayecheka anatulia pichani. Bodi ni ileile ya zamani.

Tena kamera nyingi zina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Kila moja ina betri yake, chaja yake, na menyu yake iliyopangwa na mtu asiyezungumza na wenzake. Lenzi ya Canon hufungwa kwa kuzungushwa upande mmoja, ya Nikon upande wa pili. Mwenye zote mbili husimama njiani akikaza kitu kinacholegea, na yule ndege ameshaondoka. Kamera ikikaa muda mrefu bila kutumika, kwenye unyevu na giza, lenzi huota ukungu, vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui nyuma ya kioo, na kuusafisha ni kazi ya fundi. Mshika mbili moja humponyoka, na kwa upande wa kamera, ile inayoponyoka huozea kwenye begi.

Wanaokusanya kamera za zamani siwahesabu humu. Hiyo ni hobi nyingine, nzuri tu, na idadi ya kamera zao haihusiani na picha. Mwenye kamera moja ya dijitali na moja ya filamu anayoipakia kweli pia hana kesi, maana filamu ni kazi ambayo dijitali haifanyi.

Ukiamua kununua ya pili baada ya hayo yote, chagua yenye kifungio kilekile cha lenzi, na betri ileile ikiwezekana. Bodi moja ikiwa ya sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 na nyingine ya APS-C, lenzi moja ya milimita 35 inakupa mitazamo miwili: pana kwenye ile kubwa, na karibu sawa na milimita 50 kwenye ile ndogo. Na mwenye moja tu ikimharibikia? Aipeleke kwa fundi. Simu itashika zamu mpaka irudi, na fundi akisema matengenezo yanazidi thamani yake, atafute bodi iliyotumika ya kifungio hichohicho, kwani lenzi zake bado anazo.